Maji Yenye Njaa

Nani alikudanganya kwamba maji yakionekana masafi hayana kitu ndani?

Kama ni mwalimu wako wa kemia, msamehe. Huyu nitakayekusimulia habari zake naye ni mwalimu wa kemia, na kwa miaka mingi aliwaambia wanafunzi wake kwamba chochote kilichomo majini kina kipimo chake, na kisicho na kipimo hakimo. Siku hizi akiifikia mada hiyo huifundisha haraka haraka, uso kauelekeza ubaoni, na mwanafunzi akinyoosha mkono hujifanya hajamwona.

Nyumbani kwao walimwita Mwalimu, nusu heshima, nusu dhihaka. Jioni yenyewe ilianza kama jioni nyingine yoyote. Alitoka shuleni jua likizama, mkoba umejaa karatasi za mitihani, na katikati ya karatasi hizo chupa ya dawa aliyoizungushia leso isije ikavuja. Taa za barabarani zilikuwa zinaanza kuwaka, hii inapepesa, ile imekufa kabisa. Alikuwa anapita kwa baba yake kutia dawa kwenye tangi la samaki. Basi. Kazi ndogo, kisha aende kwake akaoge.

Tangi lenyewe usilifikirie kama bakuli la samaki wawili wa mapambo. Lilikuwa la maji ya chumvi, refu kama kochi la watu watatu, lisilo na mfuniko, lenye mawe ya baharini na matumbawe hai yaliyofunguka kama maua. Baba alilinunua mwaka ule Mama alipolala kitandani. Alisema linamtuliza akili. Aliagiza liwekwe chini, ukingo wake usipite sana kimo cha meza, apate kulisha samaki wake bila kuinuka kitini. Mama alipofariki, akiwa amekonda hadi shuka lilionekana halijafunika mtu, Baba aliwaambia waombolezaji kwamba mgonjwa alishindwa kumeza. Watu walitikisa vichwa, wakanywa chai, na kwa kuwa hakuna aliyejua ayaweke wapi macho yake, wakawasifia samaki.

Samaki walikuwa wamenona kweli.

Haukupita muda Baba naye akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukafa pamoja nao. Tangu siku hiyo hakutamka neno.

Dada mkubwa akahamia pale kumtunza. Mwalimu akachukua jukumu la tangi. Ndivyo kazi zinavyogawanywa katika familia yenye msomi mmoja: mwingine anafua mashuka, msomi anapima maji.

Na tangi lilikuwa linakufa. Mwani umeota juu ya mawe kama nywele. Matumbawe yamejikunja, yamegeuka rangi ya kahawia. Ugonjwa wenyewe una jina: fosfeti, yaani masalia ya chakula na ya kila kilichowahi kuishi kikaoza. Dawa yake ni kimiminika kisicho na rangi. Unaidondosha tone baada ya tone, taratibu, ndani ya chujio, kamwe si ndani ya tangi lenyewe. Tone linaikamata fosfeti, vyote viwili vinageuka vumbi jeupe, na kitambaa cha chujio kinalinasa lile vumbi kabla halijawafikia samaki likawaziba mashavu wanayopumulia.

Ila mawe yana kinyongo. Kila chakula kilichowahi kubaki majini, jiwe limekinyonya likakihifadhi. Ukisafisha maji, linatema kidogo. Ukisafisha tena, linatema tena. Mwalimu alilijua hilo, kwa hiyo hakushtuka kipimo kilipopanda baada ya dozi ya kwanza. Wala ya pili. Lakini kadiri dozi zilivyoendelea kilipaswa kushuka, na hakikushuka. Kilipanda. Kana kwamba kuna mtu anaandaa karamu humo ndani.

Wangeshaligawa tangi kama si jambo moja. Baba hakula mahali pengine popote. Ukimpeleka mezani anafumba mdomo, meno yanaumana. Ukimweka mbele ya tangi anafumbua. Na hata hivyo alikuwa anakonda. Bakuli linarudi jikoni tupu, na mtu anazidi kuisha. Daktari alimpima, akavua miwani, akasema polepole: akiendelea kupungua hivi, msiwe na matumaini makubwa.

Kwa hiyo kile kilichozungushiwa leso mkobani, Mwalimu hakukihesabu kuwa dawa ya samaki. Zilikuwa siku za baba yake: tangi likifa, hatafumbua mdomo tena.

Akiwa njiani alimpigia simu fundi wa tangi, jamaa waliyempa jina la Chujio, aliyejitangaza kuwa daktari wa bahari ingawa kuogelea hajui.

"Mbona hujaja kusafisha pampu?"

"Mwalimu... mimi kule sirudi."

"Kisa?"

"Nilikuwa nimeingiza mkono, nasugua kioo. Kukagongwa."

"Mlangoni?"

Fundi akajibu kwa sauti ya chini:

"Kwa ndani. Ndani ya maji."

"Ni yule kamba tuliyemfuga humo, Chujio. Wapo kamba wanaogonga vioo. Wewe si daktari wa bahari?"

"Haya. Basi mwambie huyo kamba akusafishie pampu."

Akakata.

Dada alimfungulia mlango akiwa na taulo begani, macho mekundu ya mtu ambaye usingizi wake ni wa kuibia.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Vua viatu, nimepiga deki."

Mwalimu alivua. Harufu ikamlaki kabla hajapita kizingiti. Bahari... na chini ya bahari, maziwa yaliyochacha.

Sebule ilikuwa na kiza. Taa kubwa haijawashwa, ni mwanga wa bluu tu wa tangi unaocheza ukutani. Baba yuko kwenye kiti chake cha magurudumu, ubavu wa kushoto, ule ulio hai, umeegemea kioo. Sinia tupu mapajani. Hakugeuka.

Vigae vilikuwa vinang'aa. Isipokuwa mahali pamoja. Kutoka chini ya tangi, kukatiza sebule, mpaka kwenye mlango wa chumba kilichokuwa cha Mama, kulikuwa na alama nyeupe zilizokauka. Moja. Nafasi. Nyingine. Nafasi. Mwalimu akachuchumaa, akagusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

Chumvi.

"Nani ametembea hapa?"

"Humu anatembea mtu mmoja, ni mimi, na mimi nimevaa ndara."

"Zina vidole, Dada."

"Nimeziona. Nazifuta asubuhi, jioni zipo. Niulize jingine."

Magurudumu, Mwalimu alijiambia. Maji yamedondoka, kiti kimepita juu yake. Magurudumu hayana vidole, lakini alijiambia hivyo hivyo. Elimu ina kazi nyingi, mojawapo ni hiyo.

Akachota maji kwenye kichupa, akatia kemikali ya kupimia, akatikisa. Fosfeti ikiwa kidogo, maji hubaki angavu. Ikizidi, yanakuwa bluu. Akakiinua kichupa mbele ya mwanga wa tangi.

Wino.

Hakuwahi kuona rangi ile. Akasimama nacho mkononi, akatazama shingo ya baba yake, mishipa imetokeza kama kamba za viatu. Akalitazama tangi. Akajumlisha. Watu wa sayansi wana haraka ya kujumlisha.

Alimkuta Dada jikoni anaponda viazi kwa maziwa.

"Samaki unawapa nini?" alinong'ona.

"Kile ulichoniachia. Chembechembe."

"Chembechembe haziwezi kufanya hivi. Hiki ni chakula cha mtu."

Dada aliacha kuponda.

"Sema unachotaka kusema."

"Bakuli linarudi tupu. Baba anakonda. Na tangi limejaa masalia ya chakula mpaka kipimo kinashindwa kusoma. Chakula cha Baba unakipeleka wapi?"

Dada akacheka. Kicheko kikavu, kifupi, kisichofika machoni.

"Kumbe ulisomea upelelezi."

"Dada..."

"Nyamaza. Namwogesha. Namgeuza asiote vidonda. Nilikuwa na kibanda changu cha kushona, leo cherehani yangu anailalia paka. Wewe unakuja na kichupa chako, unachota, unanusa, unakunja uso kama bibi afya, kisha unarudi kwako. Leo umekuja kuniambia namuua."

"Sijasema unamuua."

"Bora ungesema hivyo. Umesema namnyima baba yangu chakula." Sauti yake ilikatika pale kwenye 'namnyima'. "Vijiko vya kwanza namlisha mimi. Vinavyobaki anajilisha mwenyewe kwa mkono mzima, daktari alitaka aachwe ajizoeze. Mimi natoka kuanua nguo, nikirudi bakuli jeupe. Nimechoka, mdogo wangu, sikatai. Nimechoka mpaka nasinzia nikiwa wima. Lakini namlisha."

Ki...

Wote wawili wakageuza vichwa.

Ki... ki... ki...

Ilitoka sebuleni. Ndogo, ya subira. Chuma juu ya kioo.

"Ni kamba," Mwalimu alinong'ona.

"Kamba alikufa mwezi uliopita. Nilimzika kwenye chungu cha maua."

Ki... ki...

"Huwa inaanza lini?"

"Kila jioni. Chakula kikiiva."

Sauti ile Mwalimu hakuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

Mama, siku zake za mwisho, alikuwa hana sauti. Alikuwa na kijiko. Alilala kwenye chumba kile ambacho sasa kimefungwa, na akitaka kitu aligonga bilauri ya maji iliyokaa kando ya kitanda. Ki... ki... ki. Mwalimu alipokuja kumwona alimkuta anagonga, macho makubwa kama ya mtoto. Baba aliketi hapa hapa sebuleni, mkono ukichezea maji ya tangi. "Anataka nini?" Mwalimu aliuliza. Baba akajibu kwa upole, bila kugeuka: "Anachezacheza tu. Hawezi kumeza, maskini. Nimejaribu." Naye akaafiki kwa kichwa. Akatafuta hata jina la kitaalamu la hali hiyo, akamtajia Baba, Baba akashukuru. Kisha akaaga. Alikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Ki. Ki. Ki.

Sasa ilikuwa haina subira.

Dada alichota viazi, akaweka kijiko, akalipeleka bakuli sebuleni kama afanyavyo kila jioni, akaliweka kwenye sinia. Akachota kijiko, akakipeleka mdomoni mwa Baba. Baba alifumbua mdomo. Akameza kimoja. Akameza cha pili. Macho yake hayakubanduka kwenye kioo.

Ipo hofu inayokimbia, na ipo hofu inayojifanya hasira. Ya Mwalimu ilikuwa hii ya pili. Akaitoa chupa kwenye leso. Atamaliza mambo leo leo. Ataikausha fosfeti yote iliyomo humo, mawe yateme mpaka yashindwe, halafu aone kama kutabaki cha kugonga. Yeye aliyewahimiza watu maishani mwake mwote kuwa tone baada ya tone, ndani ya chujio, taratibu, alifungua kizibo kwa meno.

"Unafanya nini?" Dada alisema.

Akaimimina chupa nzima ndani ya tangi.

Mwanzoni, hakuna kitu.

Kisha maji yakaanza kugeuka. Utepe mweupe. Wingu. Maziwa. Mwanga wa bluu ukafifia, sebule ikawa nusu giza. Samaki wa bluu, kipenzi cha Baba, akatokeza ukingoni akihema, akapinduka upande mmoja, akazama taratibu huku jicho lake likiwatazama.

"Umewaua," Dada alinong'ona.

Mwalimu alikuwa anaangalia kona ya tangi, ile iliyo karibu na kiti cha Baba, palipo na rundo la mawe makongwe kuliko yote. Weupe ulikuwa unatoka pale. Ulitoka ndani ya mawe. Sehemu nyingine za tangi zilikuwa na ukungu tu. Pale palikuwa pazito. Na dawa ile haina macho, haina mkono, haichori. Inaweka weupe palipo na fosfeti, penye nyingi inaweka mwingi. Haijui kitu kingine.

Uzito ule ulikuwa na mgongo.

Mgongo uliopinda, wa mtu aliyeinama. Mabega membamba. Shingo. Kichwa kikielea bila nywele, kikitikisika kidogo kwa mkondo wa pampu... Mwalimu akasema moyoni, ni mkondo. Ni pampu. Kichwa kikageuka dhidi ya mkondo.

Kilikuwa na mdomo, nao umefunguka.

Kikainuka kitu chembamba kutoka kwenye weupe, kikagusa kioo kwa ndani.

Ki.

Dada akamshika mkono. Kucha zake zikaingia nyamani. Hakuna aliyepiga kelele, maana kupiga kelele ni kukubali kwamba umeona.

Ndipo Baba akajongea.

Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulishuka kwenye sinia. Ukalishika bakuli pembeni, kwa uzoefu, kama mtu anayeshika kitasa cha nyumba yake. Ukaliinua. Ukalipitisha juu ya ukingo wa tangi bila hata kumwaga tone kwenye vigae. Kisha ukalipindua.

Viazi na maziwa vikaanguka majini kwa sauti laini. Pwa... Vikazama kuelekea mdomo ule. Weupe ukavifunika.

Kugonga kukakoma.

Baba akalirudisha bakuli kwenye sinia. Tupu. Safi. Akafuta vidole kwenye suruali yake, na pale ambapo maji yalikuwa yamekauka siku zote nyingine kulikuwa na mistari myeupe ya chumvi, mstari juu ya mstari.

"Baba," Dada alisema. Sauti ilikuwa ya msichana mdogo. "Baba, ni wewe?"

Mwalimu alimtazama dada yake kwa aibu. Alitaka kusema samahani. Neno lenyewe lilionekana jepesi mno kulitoa mbele ya mwanamke aliyeiacha riziki yake, cherehani na kila kitu, akaja kuitwa mwizi wa viazi. Akaacha. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Baba. Unakufa. Unaelewa? Unakufa na njaa, na chakula kipo. Kwa nini unampa?"

Hakusema anampa nani. Hakuna aliyemuuliza.

Baba aligeuza kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke aliyaondoa macho kwenye tangi na kuwatazama watoto wake, huyu, kisha huyu. Nusu ya uso wake ilikuwa imekufa. Nusu nyingine ilikuwa inalia.

Taya likachezacheza. Mlio ukatoka, kama wa mlango uliofungwa muda mrefu ukifunguliwa.

"Ma..."

"Baba, usijilazimishe," Dada alisema.

"Mama... yenu."

Nyuma yake, ndani ya weupe, kitu kilisogea karibu na kioo. Kilikuwa kinasikiliza.

"Mama yenu..." Mate yalimchuruzika kidevuni. Alivuta pumzi ndefu, akalisukuma neno kwa ule upande wa mdomo uliobaki. "Alikuwa anameza."

Dada akauachia mkono wa Mwalimu.

"Alikuwa anameza," Baba akarudia, na sasa maneno yalitoka safi kabisa, kama ya mtu asiyewahi kuugua. "Chakula chake nilikuwa nawapa samaki."